Jina Lililokwama Msalabani

Mume wangu mdogo Longino,

Huna haya. Naanza na hilo kabla ya salamu, kwa sababu salamu nilizokutumia kwa simu umezilalia zote. Tangu tumzike babu yako, mpunga umepandwa, umevunwa, umeanikwa, umekobolewa, na sasa watu wanafyeka tena mashamba, na wewe hujakanyaga hapa Lipangalala. Uko Morogoro, hujavuka bahari. Basi likitoka huko asubuhi, likapita Mikumi, likapita Kidatu, watu wanapopakua chakula cha mchana wewe ungekuwa umeshashuka Ifakara unabishana na wa bajaji. Kitu gani kinakushika miguu?

Usinijibu. Jibu lako nalijua: "Nakuja mwezi ujao, bibi." Miezi yako yote ni ujao, hakuna hata mmoja uliowahi kufika.

Ndiyo maana nimesema barua hii iwe wazi, isomwe na kila mwenye macho. Simu unaweza kuizima. Watu huwezi kuwazima. Atatokea mmoja huko kwenye karakana yenu ya mbao akuulize, "Wewe ndiye mjukuu wa yule bibi?" na hapo utajibu mbele ya wenzako.

Anayeandika ni jirani yetu Mama Minza, yule Msukuma ambaye ng'ombe wao walikula mahindi yangu, tukagombana, tukapatana, na sasa ananiletea maziwa. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na kuni. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Tayari tumeshakosana kidogo. Anataka kuweka "natumaini u mzima wa afya." Nimemkatalia. Mimi situmaini, mimi najua. Ungekuwa mgonjwa ungemkumbuka bibi.

Ananiambia, "Bibi, kaa basi, unanizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia." Siwezi kukaa. Nikikaa nasikia pikipiki ikipunguza mwendo hapo barabarani, nasimama. Inapita. Nakaa. Inakuja nyingine. Bodaboda wa Ifakara nzima wamenijua, wananipungia mkono, wanadhani nawasalimia wao.

Atakayeuliza kikongwe kama mimi nimepata wapi mume wa Morogoro, mwambie hivi. Ulipozaliwa, babu yako alikupokea kwa mikono yake yenye sugu, akakutazama, akasema, "Huyu ni Longino." Akakupa jina lake hilohilo, hakubakiza. Na kwetu mjukuu akibeba jina la babu, amebeba na mke.

Na wewe ulikubali mapema! Mama yako alipoolewa Mlimba ukabaki kwetu, ulikuwa hujui hata kufunga kaptula. Jioni unasimama katikati ya mlango umeshika kiuno, unamwambia babu yako, "Mzee, toka, nimekuja kwa mke wangu." Naye anachukua kofia yake, anatoka kweli, anasimama uani anabisha hodi.

"Hodi!"

"Nani?" unauliza wewe kwa sauti ya kuku.

"Longino."

"Longino yuko ndani!"

Basi hapo mnacheka nyote wawili, mmoja ndani mmoja nje, na mimi ugali wangu unashika chini kwa sababu ya wajinga wangu wawili. Kila jioni ni mchezo huohuo, na kila jioni mnacheka kama ni mpya. Sasa hodi haibishwi. Nje hakuna Longino, ndani hakuna Longino. Ugali haushiki chini tena, na sina raha nao.

Alikufundisha mti kabla hujajua maji, na alikufundisha maji kabla hujajua shule. Enzi za pantoni, kabla ya daraja, alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi pale Kivukoni, na watu wote wa mtoni walimwita Upondo, kwa sababu alikuwa mrefu mwembamba kama ule mti wa kusukumia mtumbwi. Jina Longino lilikuwa la kanisani na la kwenye kitambulisho. Mtoni alikuwa Upondo. Mimi nilimwita Baba Sesi, kwa mama yako Sesilia. Siku moja alikusimamisha nyuma ya mtumbwi, akakupa upondo wake uushike, ukauchomeka kwenye matope, mtumbwi ukaenda na wewe ukabaki unaning'inia kwenye mti katikati ya maji kama popo. Alirudi kukuchukua taratibu, hana haraka, anakuuliza, "Longino, mbona umeshuka kabla hatujafika?"

Kisha daraja likaja, watu wakapita juu, akarudi nyumbani na tezo lake akawa anachonga vinu, miiko na makasia ya wavuvi waliobaki. Wewe ukakua, ukaenda kujifunza useremala, ukarudi na kile kimashine.

Nakiona mpaka sasa ulivyokitoa kwenye begi, umekifunga ndani ya fulana kama mtoto mchanga. Kama tochi nene, na kichwani unakibadilisha: kisahani cha meno, kimsumari cha kutobolea, kidude cha duara kama punje ya hindi. Ukasema hiki ni grenda, ila kidogo, cha kushika mkononi, kinakata na kuchonga palepale ambapo msumeno hauingii. Ukakichomeka kwenye umeme. Kikalia zzzzzz. Babu yako akaweka tezo chini, akavua kofia, akainamisha kichwa mbele yako.

"Kumbe umeniletea kinyozi," akasema. "Haya, ninyoe."

Kuanzia siku hiyo kikaitwa Kinyozi. Na alikidharau wiki nzima! "Mti haunyolewi," anasema. Mpaka ulipomkatia jogoo kwenye mlango wa kabati langu, jogoo mwenye mkia wa manyoya yanayopishana, na mwanga unapita kati ya manyoya. Alikaa mbele ya yule jogoo muda mrefu. Anapitisha kidole kwenye mkia. Kisha akakwambia, "Huyu tezo lingemvunja shingo," akaenda zake chooni, na ulipogeuka nikamwona anafuta macho. Hilo hukulijua. Sasa unalijua.

Halafu akafa. Nasema hivyohivyo, akafa, sina maneno ya kulizungushia. Ukaja na basi la kwanza, ukambeba begani na wenzako, ukamlaza pale nyuma ya nyumba kwenye migomba, karibu na mahali alipokuwa anachongea. Ukasema msalaba wake utautengeneza wewe, na hutautengeneza kwa mbao ya dukani. Ukaenda ukapasua ubavu wa mtumbwi wake wa zamani, ule mti uliokunywa mto miaka yote mpaka ukawa mgumu kama pembe ya nyati. Ukaupanga, ukaunga mikono ya msalaba, ukachora jina kwa penseli, ukavaa miwani yako ya plastiki, ukawasha Kinyozi. Watu wa matanga wakageuka kusikiliza. Hata kile kilio kilipungua. Kila mtu alisikia mjukuu anamwandika babu.

Ukachonga herufi nne.

Ndipo akaja mtani wetu, Mzee Kasiani, amevaa koti la marehemu kinyumenyume kama watani wanavyofanya, kabeba sahani ya wali aliyoiiba jikoni. Akasimama juu yako.

"Ee bwana, Longino anamchongea Longino kitanda?" akasema. "Sasa kifupi hicho! Ukimaliza lala hapo kwanza, tuone kama miguu inatosha."

Watu wakacheka, na mtani ndiyo kazi yake hiyo, anakuja msibani kuchekesha waliokauka koo. Wewe ukazima Kinyozi. Ukakaa unatazama zile herufi. Nilikuwa nimekaa mkekani, nikakuona shingo. Shingo yako ilibadilika. Ukasema, "Bibi, kisahani kimekwisha meno, naenda dukani kuchukua kingine," ukavua miwani ukaiweka juu ya msalaba, ukatoka kwa mguu kuelekea mjini.

Huko dukani hujarudi mpaka leo.

Kinyozi uliacha. Miwani uliacha. Msalaba ulisimamishwa siku ya kuanua tanga na zile herufi zako nne, kwa sababu kaburi haliwezi kusubiri mtu aliyekwenda dukani. Mimi nilikuwa naona alama nne nzuri, safi, kina kimoja, nikadhani ni jina. Nilikuwa nazipangusa kwa upindo wa kanga kila asubuhi.

Mpaka wanafunzi wakaanza kupita njia ya migombani. Nawasikia wanacheka. "Hapa amelala Babu Longo." Mwingine, "Babu Longolongo!" Nikamwita Mama Minza, nikamshika mkono mpaka kaburini, nikamwambia, "Nisomee hiki kitu."

Akasoma, akasema, "Bibi, hapa pameandikwa LONG."

"Ndiyo, Longino."

"Hapana, bibi. Long. Imeishia hapo. Ino haipo."

Longino, nilikaa chini kwenye majani mabichi. Mtu amevusha kijiji kizima, wajawazito, majeneza, mbuzi, mpaka padri na baiskeli yake, hajazamisha hata mmoja, na leo watoto wanamwita longolongo. Na longolongo zenyewe si zake. Ni zako wewe, za "mwezi ujao".

Haijapita wiki mama yako akapiga simu kutoka Mlimba. Katika kuzungumza akasema, "Mama, siku hizi huyo mwanao huko kazini hawamwiti Longino. Anajiita Gino."

"Jino?"

"Gino, mama."

"Ndiyo, nimesikia, jino. La mbele au gego?"

Mama yako akacheka. Mimi nilicheka pia, kisha simu ilipokatika nikabaki nimeishika. Nikaelewa. Jina mmeligawana na marehemu kama samaki. Yeye amelala na kichwa, wewe umekimbia na mkia. Unaogopa kuja kwa sababu umeliona jina lako kaburini na ni mkono wako wenyewe ulioliweka. Si basi linalokushinda. Unaogopa kuja kumalizia, kwamba ukimaliza lile jina utakuwa umejizika.

Ungesema! Ungeniambia, "Bibi, naogopa." Mimi nimeogopa vitu vingi. Nimeogopa viboko wa mto, nimeogopa radi, nimeogopa mama mkwe wangu. Mwoga hafukuzwi nyumbani kwangu. Anapewa chai.

Basi nikasema: mwezi wa marehemu unakaribia, watu wote wataanza kusafisha makaburi, haiwezekani letu libaki na longolongo. Wewe huji. Nitaimaliza mimi hiyo ino.

Usicheke. Nilijua utacheka hapa.

Nilikitoa Kinyozi juu ya kabati nilikokifunga kwa ile fulana yako. Nikakichomeka. Nikakiwasha. Kikaniruka mkononi kama kambale, nikakiacha kikazunguka sakafuni kinalia, mpaka nikapata akili ya kuchomoa waya. Mama Minza alikuwa ameshapanda juu ya kitanda changu na viatu. Siku ya pili nikakishika kwa mikono miwili, kama unavyoshika shingo ya bata, na nikajizoeza kwenye kuni. Kisahani cha kwanza nilichofunga kilikuwa cheusi, kikagusa kuni kikapasuka, kipande kikaenda kugonga sufuria. Nikashukuru Mungu na miwani yako. Mama Minza akatazama kwenye mfuko wako, akasema hivi vyeusi ni mawe ya kukatia chuma, vya mbao ni hivi vyenye meno. Ungeniambia. Ungekuwepo ungeniambia.

Nikakosea tena: nilikuwa nasukuma. Nasukuma kama nachimba muhogo, na mti unatoa moshi, unaungua, unanuka kama ule ugali wangu. Nikamsikia babu yako kabisa. Unakumbuka alivyokuwa akikuambia ulipokuwa unalipiga tezo kwa hasira? "Chuma ndicho kinakula. Wewe kazi yako kulisha tu." Nikaacha kusukuma. Nikapitisha kidogo, nikarudi, nikapitisha tena palepale, na Kinyozi mwenyewe akashuka. Unga ukawa unatoka mwekundu, laini kama pilipili ya kusaga. Nikafunga kanga kiunoni, ncha zote ndani, zisije zikavutwa, na kichwani kilemba, na juu ya kilemba miwani yako. Mama Minza akasema nafanana na nyuki.

Nilipoona mkono umetulia, nikaenda kung'oa msalaba.

"Bibi! Unang'oa msalaba wa mtu?"

"Nang'oa. Aliyelala chini amelalamika?"

"Katekista akija je?"

"Akija atanisaidia kubeba, ana mabega."

Tukaubeba mpaka uani. Nikaulaza juu ya vinu viwili. Mama Minza akachora kwa mkaa zile herufi zilizobaki, ya kwanza ni kamstari kamesimama tu, hata mimi ningeiweza. Nikavaa miwani. Nikawasha. Nikainama.

Nina kawaida, nikianza kazi namwita mwenye kazi. Nikiwa natwanga mpunga wa babu yako nilikuwa namtaja. Basi nikataja: "Longino."

Na aliyekuja kichwani hakuwa yeye.

Ulikuja wewe, Longino. Na kaptula yako isiyofungwa, umeshika kiuno mlangoni. Kinyozi analia mkononi, kisahani kinazunguka hapo juu ya ule mkaa, na mimi nakaribia kumwandika mtoto mzima, anayekula, anayepumua, mwenye jino la Morogoro, kwenye msalaba wa kaburi. Kwa mkono wangu uliokuogesha. Mkono ukakataa. Nakwambia ukakataa, ukakakamaa kama si wangu.

Nikazima. Mama Minza akaniuliza, "Bibi, macho?" Nikamwambia, "Macho mazima. Nipe mkaa."

Sikuchora herufi. Nilizizungushia zile nne mstari, juu, chini, huku na huku, kama unavyochora dirisha. Nikafunga kile kimsumari chembamba nikatoboa pembe zote nne, kikatokea upande wa pili, maana ubavu wa mtumbwi ni mnene na kisahani hakifiki nyuma. Kisha nikarudisha kisahani cha meno. Nikakata kutoka tundu mpaka tundu. Nikaugeuza msalaba, nikafuata matundu yaleyale, nikakata na nyuma. Nilikata tangu asubuhi mpaka jua likanifuata chini ya paa. Mgongo ulikuwa unaniuma, Kinyozi akichemka nampumzisha, nampepea kwa ungo kama mgonjwa, Mama Minza anacheka mpaka anakaa chini. Mstari mmoja umekwenda mrama. Pembe moja imepinda. Seremala usiseme kitu.

Mwisho kikalia tak. Nikasukuma kwa kidole gumba. Kikatoka.

Jina lako, Longino. Lote lililokuwa limekwama pale. Likaangukia kwenye kanga yangu, mapajani, kipande cha ubao kinachotosha viganja viwili. Limetoka kaburini mchana kweupe, Mama Minza shahidi. Nililipuliza unga, nikalishika hivi, na sijui kwa nini nilinusa. Linanuka mto.

Msalaba ukabaki na dirisha. Ukiuinua unaona migomba upande wa pili. Nikaenda darini nikatoa upondo wake, ule alioushika kwa miaka pale Kivukoni, juu umeng'aa kwa viganja vyake. Nikakata kipande kwa Kinyozi, nikakichonga mbavuni kitoshe, nikakichomeka kwenye lile dirisha. Kikakaa. Hakihitaji hata msumari. Tukaurudisha kaburini. Sasa msalaba wa babu yako hauna herufi hata moja, na ni mara ya kwanza mimi naweza kuusoma wote.

Katekista alikuja, ndiyo. Akauzunguka. "Bibi, na jina lake la ubatizo?"

"Mungu amelisahau?"

"Hapana, lakini watu, bibi. Watajuaje nani amelala hapa?"

Hata sijajibu. Mzee Kasiani alikuwa ameketi pale kwenye kigoda anakula miwa yangu, akatazama kile kipande cha upondo, akaacha kutafuna. "Si Upondo huyu," akasema. "Ng'ombe hata akiwa kipofu anajua huyu ni Upondo." Kisha akasimama, akavua kofia, na hakufanya utani wowote. Akaniuliza polepole, "Na yule kijana, ni mimi niliyemkimbiza?" Nikamwambia, "Wewe ulikuwa kazini. Ila akija mnyamazie kidogo, mpaka ale." Ameahidi. Ahadi ya mtani siitegemei, lakini ameahidi.

Kwa hiyo sababu yako imekwisha. Umeisikia? Imekwisha. Yule alikuwa Upondo na amelala Upondo. Longino hajafa. Kuna Longino mmoja tu, na yuko Morogoro anajiita meno.

Kile kipande nimekiegemeza juu ya kabati, juu ya jogoo wako. Kila nikipita nakigusa. Kimenivuruga, nakwambia ukweli. Usiku nakifikiria, mchana nakigusa, naona kinanitazama kama mtu aliyekatwa kauli. Kimeandikwa hadi pale ulipoondokea na hakina nafasi zaidi. Nilikata karibu mno, baada ya ile herufi ya mwisho ubao umefika ukingoni. Kwa hiyo hata ukitaka kumalizia juu yake, huwezi. Inabidi kuunga. Na ubao wa mtumbwi uliobaki uko nyuma ya choo, nimeufunika kwa bati, mchwa hawajaufikia. Mimi nimeshajifunza kukata, lakini kuunga sijui. Kuunga babu yako alimfundisha mtu mmoja tu.

Sikulazimishi. Hapana, Mama Minza, futa hiyo. Andika: nakulazimisha. Mimi ni mzee, nikikaa kusubiri mwezi ujao wako, mtakuja kutafuta ubao wa msalaba mwingine, na huo utauchonga ukilia. Mimi sitaki unichongee ukilia. Nataka uje nikiwa bado na meno ya kukucheka.

Wale samaki wako, kitoga, wameanza kupatikana mtoni. Nimemwambia mvuvi mmoja aniwekee mnene, amkaushe kwa moshi kidogo kama unavyopenda. Mchele upo, supa, mpya, unanukia mpaka kwa Mama Minza. Maziwa yapo. Kitanda chako nimekitoa kunguni.

Sasa sikiliza utakavyokuja, nisije nikarudia. Shuka stendi, usikae kwa rafiki zako kwanza. Usipitie njia ya migombani ukasimama peke yako kaburini, huko tutakwenda wote wawili baadaye, tukishakula. Pita barabarani, pita mbele, watu wakuone. Lete gundi ya mbao na visahani vipya vya meno, hivi vyako nimevimaliza. Ukifika usiingie moja kwa moja kama mwizi. Simama uani pale alipokuwa anasimama, bisha hodi. Nitakuuliza, "Nani?" Ukisema Gino, nitakujibu kwamba hapa hatung'oi meno, nenda hospitali. Taja jina zima, kwa sauti, mpaka bodaboda wasikie. Ndipo nitakufungulia.

Ni mimi mkeo mkubwa,
Bibi yako, niliyesimama mlangoni